Handeni Yaongea Kireno

Jumatatu, 7 Julai 2003

Sabasaba. Serikali imepumzika, wenzangu wamekwenda kunywa soda, mimi nimebaki kibandani nikifikiri. Akili haina sikukuu.

Hali ni mbaya. Tangu mnara ule usimame kilimani, kila mtu hapa Handeni ana simu ya mkononi au anamfahamu mwenye nayo. Na nani ana kibanda cha redio, betri na chaja katikati ya soko? Mimi, Abdi Mdoe. Nani ameandika kwa rangi nyekundu mlangoni DAKTARI WA SIMU? Mimi. Na wagonjwa wako wapi?

Kwa Bernadina!

Huyu Bernadina ni mama mtu mzima, mstaafu. Ujana wake wote aliumalizia Korogwe kwenye mitambo ya simu za waya, vyombo masikioni, akiwaunganisha watu na Tanga na Dar es Salaam. Amestaafu, amehamia kwa mdogo wake huku. Badala ya kulima mahindi kama wastaafu wengine wenye adabu, ameweka benchi kwenye baraza la duka la mbegu na kipande cha boksi: MSAADA WA SIMU. BURE.

Bure! Mchana kweupe, mbele ya watoto.

Nimemchunguza. Hashiki simu ya mtu. Mikono yake inakaa mapajani kama yuko kanisani. "Bonyeza mwenyewe," anasema. Bibi wa watu anabonyeza, anakosea, wanacheka, anabonyeza tena, inakubali. Ukifungua ujumbe wako, Bernadina anageuza uso anatazama magunia ya mbegu mpaka umalize. Anayetoka pale anajua. Akijua, harudi. Sasa hiyo ni kazi gani? Umewahi kumwona mganga anayewafundisha wagonjwa mizizi?

Lakini hilo ningelivumilia. Lililonichoma ni hili: Munira amehamisha birika. Munira wa chai na maandazi, aliyekaa upande wangu mwaka mzima, ambaye nilikuwa na jambo la kumwambia mara tu nitakapopata sentensi yake. Amesema watu wako kule kwenye benchi, na chai hufuata watu.

Dada yangu Mwantumu amenishauri niende nikakae pale nijifunze. Nijifunze! Nimekula ugali wangu kwa hadhi.

Jumanne, 8 Julai 2003

Leo upelelezi. Adui humjui mpaka umkaribie.

Nimevaa koti la marehemu baba, kofia ya pama na miwani ya kusomea ya Mwantumu. Hata mimi kwenye kioo nilijisalimia. Nikaenda kwenye benchi nikikokota mguu. Nikamwambia Bernadina kwa sauti ya mzee kwamba nimetoka mbali, simu yangu ina kikohozi.

Akaniitikia shikamoo niliyokuwa sijampa. Kisha akasema, kwa upole kabisa, mbele ya umati: "Mdoe, vua hiyo miwani ya dada yako. Utajikwaa."

Nikageuka niondoke kwa heshima. Nikajikwaa. Miwani ya kusomea huleta ardhi karibu kuliko ilivyo. Nimetua kwenye beseni la maandazi la Munira, nikiwa nimetanguliza kidevu.

Munira alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Nimejipa moyo: mwanamke huwezi kumchekesha hivyo kama hakupendi hata kidogo.

Lakini safari haikuwa bure. Nikiwa pale chini, uso ndani ya maandazi, nimepata wazo. Watu wanakwenda kwa Bernadina kwa sababu wana matatizo yanayoeleweka. Kinachotakiwa Handeni ni tatizo lisiloeleweka. Na mtu mmoja tu anayejua dawa yake, kwa kuwa ndiye aliyelileta.

Nimelala nikitabasamu. Mwantumu ameuliza kama kichwa kiligonga chini.

Jumatano, 9 Julai 2003

Ushindi! Ushindi mtupu!

Asubuhi nimetundika bango: KUOSHA SIMU BURE. Kama bure ndiyo dini yao, basi nami nimesilimu. Pamba, spiriti, kitambaa cheupe. Foleni mpaka kwa wauza ndala! Bernadina alibaki na benchi lake na nzi mmoja.

Naeleza siri hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Kila simu niliyoiosha, kitambaa juu, kidole chini, nikaibadilisha lugha. Nilichagua kwa makini. Kiingereza, walimu wanakijua. Kifaransa, padri anakijua. Nikashuka chini kidogo kwenye orodha nikakuta Kireno. Safi! Hakuna mtu Handeni anayejua Kireno. Na ili ugonjwa uwe mzito, nikazima na mlio.

Kesho watakuja wakilia. Nitatikisa kichwa, nitashusha pumzi, nitabonyeza mara mbili tatu, nitawaponya. Jina langu litafika Kang'ata.

Kuhusu Kang'ata, mzee Sironka naye alikuja kuoshewa. Mzee wa Kimaasai, mrefu, mpole, anayechunga ng'ombe huko nyuma ya Kang'ata ambako simu haishiki. Kila siku anatembea na kupanda malori mpaka hapa sokoni akae na simu yake, kwa sababu binti yake Resian yuko hospitali Korogwe anasubiri kujifungua mimba ya kwanza. Mkwewe, Leboo, yuko naye, na ndiye atakayepiga. Mzee hajui kusoma. Alinieleza kwamba anachojua ni kitu kimoja tu: ikilia, anabonyeza ya kijani.

Nilisita kidogo. Lakini kitambaa kilikuwa kimeshafunika, na kidole changu kilikuwa kimeshazoea.

Akanishukuru kwa Kimaasai. Simu iling'aa kama jino.

Alhamisi, 10 Julai 2003

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja, kama nilivyotabiri. Wakilia, kama nilivyotabiri. Faraji wa bucha alisema simu yake imepagawa, inasema maneno ya majini. Nikatikisa kichwa. Nikashusha pumzi. Nikaichukua nibonyeze mara mbili tatu.

Kumbe kila kitu kiko kwa Kireno!

Niliingia mlango nisioujua, nikatokea mlango nisioutaka. Simu ya Faraji ikageuka giza, herufi hazionekani. Ya mjumbe wa nyumba kumi ikaanza kulia kama jogoo na haikukubali kunyamaza, hata nilipoikalia. Ya mwalimu mkuu ikampigia mkewe yenyewe, na mwalimu mkuu hakuwa mahali alipokuwa amemwambia mkewe yuko.

Nikawatangazia kwamba huu ni ugonjwa wa mnara. Zifungwe kwenye kanga, zilale chini ya kitanda mpaka kesho. Watu walinitazama. Kisha, kama ng'ombe waliosikia maji, wote wakageuka kuelekea baraza la duka la mbegu.

Nikawafuata nikajificha nyuma ya magunia. Bernadina hakushtuka. Hajui Kireno na hakujifanya anakijua. Aliuliza nani ana simu ya aina ileile ambayo bado inasema Kiswahili. Munira akatoa yake. Yeye nilimkosa kwa sababu alikataa kuoshewa. Bernadina akaiweka simu nzima pembeni mwa simu mgonjwa, kama watoto wawili kwenye dawati. "Bonyeza huku," alisema, "halafu bonyeza hivyohivyo kule. Maneno usiyasome, fuata njia tu."

Faraji akabonyeza huku, akabonyeza kule. Kiswahili kikarudi! Watu wakapiga makofi! Na mjinga yule, badala ya kuondoka, akakaa kumfundisha aliyemfuata, na yule akamfundisha mwingine, mpaka baraza zima likawa darasa. Kabla ya adhuhuri Handeni yote ilikuwa imepona na hakuna hata mmoja aliyekuja kwangu.

Lililobaki ni dhihaka. Vijana walisoma kwenye vioo neno la Kireno la ujumbe, na sasa wanaitana "mensajeni" mtaa mzima. Oyaa, mensajeni! Munira ametoa andazi jipya lenye iliki, analiita mensajeni. Limekwisha lote.

Nimenunua moja kwa siri. Tamu.

Ijumaa, 11 Julai 2003

Mwandiko huu si wangu, ni wa barabara. Naandikia juu ya lori.

Nieleze tulivyofika huku. Baada ya sala ya Ijumaa nilirudi kibandani, nikamkuta mzee Sironka amekaa kwenye kivuli cha mlango wangu. Nikampa shikamoo. Akaniambia nimeiosha simu vizuri mno. Tangu juzi imekuwa na adabu, haimsumbui mtu. Ila anashangaa kidogo, kwa kuwa Leboo aliahidi kupiga, na Leboo si mtu wa kusahau.

Nikaacha ufunguo ukining'inia mlangoni.

Hakuwa amekuja kwenye benchi jana. Angekujaje? Hakusoma, hakuona Kireno, hakujua kuna ugonjwa. Nikamwomba anionyeshe. Kwenye kioo kulikuwa na bahasha, na maneno ya Kireno, na tarakimu ambayo sikuhitaji mkalimani. Leboo alikuwa amepiga na kupiga na kupiga.

Nilitaka kuirekebisha mwenyewe kimyakimya. Nikainua kidole, nikaona mbele yangu lile giza la simu ya Faraji. Nikamshika mzee mkono. Nikakimbia naye sokoni kote, shuka lake la lubega likipepea, mpaka kwenye benchi. Nikamwambia Bernadina maneno niliyokuwa nimeapa hayatatoka kinywani mwangu.

"Mama, nisaidie."

Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akaangalia kioo. Hakuuliza. Akamwambia Munira alete simu yake. Nami nikanyoosha mkono niichukue ya mzee, ili mambo yaende haraka. Bernadina akanipiga kofi la vidole.

"Ya kwake. Abonyeze mwenyewe."

Mzee akabonyeza, kidole kikubwa kama mpini wa shoka. Nilitamani kulia, alivyokuwa taratibu. Kiswahili kikarudi. Mlio ukarudi. Na palepale, mikononi mwake, simu ikalia! Mzee akabonyeza ya kijani, akasikiliza, akasema kwa Kimaasai maneno machache. Uso ukabadilika, akatufasiria.

Resian hawezi kujifungua kwa kawaida. Ni kupasuliwa. Damu yake ni kidogo na ya Leboo haifanani. Hospitali imemwambia Leboo aite ndugu tangu jana.

Tangu jana.

Basi la Korogwe lilikuwa limeshaondoka. Nilikimbia stendi, nikarudi, nikakimbia tena bila kujua nakwenda wapi. Munira ndiye aliyepaza sauti kwamba dereva aliyekunywa chai kwake, Dominiko, anapeleka vipuri vya mashine Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge, na Ngombezi na Korogwe ni pua na mdomo. Lori lilikuwa limeshawashwa. Nikasimama mbele yake nimenyoosha mikono. Dominiko alinitukana kwa Kishambaa, kisha akamwona mzee, akafungua mlango.

Mimi hakuna aliyenialika. Nilipanda tu nyuma.

Basi, tuko hapa. Vumbi jekundu, mzee amekaa mbele, mimi juu ya vipuri. Sasa hivi tumepanda kilima, mnara umeshika, nimesikia simu inalia mle ndani. Nimechungulia kupitia dirisha la nyuma. Mzee ameibonyeza mwenyewe. Nimeweka mikono mapajani. Ni kazi ngumu sana, kuweka mikono mapajani.

Jumamosi, 12 Julai 2003

Korogwe. Mtoto wa kike! Wote wazima! Mtoto wa kike, na sauti, jamani, sauti ya kuitisha mkutano!

Nianze mwanzo. Tulipofika Resian alikuwa anasubiri, amepauka, amemshika Leboo mkono. Muuguzi akampima baba yake damu: inafaa. Akauliza kama kuna ndugu mwingine, maana chupa moja si nyingi. Mzee Sironka akanionyesha kwa kidole. Sijui aliwaza nini. Alisema: "Huyu."

Nikasema ndiyo kabla sijaona sindano. Kisha nikaiona. Muuguzi anasema nilianguka kistaarabu, bila kuvunja kitu. Walinitoa damu nikiwa nimelala, jambo lililokuwa rahisi zaidi kwa wote. Damu yangu inafaa! Nimekuwa na damu inayofaa miaka yote hii na hakuna aliyeniambia!

Wakampeleka ndani. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mzee, Leboo na mimi. Leboo alikuwa anageuza simu mkononi, na nilijua amepiga mara ngapi kwa simu ile, na kila mara hakuna aliyeitika. Nikaona siwezi. Nikamgeukia mzee nikamwambia kwamba ile simu haikuharibika yenyewe. Kuna mtu aliichezea.

Mzee akagonga fimbo sakafuni. Akasema mtu huyo akimpata atamchapa fimbo mpaka asahau kukaa.

Nikamwambia ni haki kabisa.

Nilikuwa nakusanya nguvu za kutaja jina, Mungu ni shahidi, nilikuwa nimeshafungua mdomo, ndipo mlango ukafunguliwa na ile sauti ikatoka. Ile sauti! Leboo akaruka juu kama morani, wima, mara nyingi, muuguzi akamwambia hii ni hospitali, akaruka kimyakimya. Mzee Sironka alinikumbatia. Ananuka maziwa na moshi. Nimelia begani kwake kama mtoto, na yeye akafikiri ni furaha, na ilikuwa furaha, zaidi ya nusu.

Kisha akatoa simu, akabonyeza polepole, akampigia Bernadina. Mwenyewe. Namba ya Bernadina mzee aliiweka jana, palepale kwenye benchi. Nimesikia makofi ya soko zima la Handeni yakitoka kwenye kile kispika kidogo.

Jumapili, 13 Julai 2003

Nimerudi kwa basi, shujaa.

Habari ilinitangulia. Faraji amenipa maini. Vijana wameniita mensajeni mkuu. Mwantumu amenipikia wali na hakusema neno lolote, ambalo kwa Mwantumu ni hotuba. Munira alinimiminia chai, akakaa mbele yangu, akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Ilikuwa nafasi yangu. Umati umetulia, macho yake yako kwangu. Nikafungua mdomo, nikamwambia iliki imekolea vizuri.

Akasema ahsante. Akangoja. Nikasema na sukari pia.

Baadaye Bernadina aliniita kwenye benchi, wengine walipokuwa mbali. Alisema kwamba Kireno hakiletwi na upepo. Alisema alijua tangu Alhamisi, kwa kuwa simu zote zilizougua zilinuka spiriti. Nikaangalia magunia ya mbegu. Akasema hatamwambia mtu. Atakayemwambia mzee Sironka ni mimi, siku mzee atakaporudi kutoka Korogwe, na yeye Bernadina atakuwa amekaa karibu, pengine ashike fimbo.

Kisha akasogea kidogo, akapiga mbao kwa kiganja. Kuanzia kesho nikae hapa, nisaidie watu. Bure. Mikono mapajani.

Nilifikiri atanifukuza. Nimekaa palepale, kujaribu. Benchi ni gumu, lakini linaona soko lote.

Jumatano, 16 Julai 2003

Mzee Sironka amerudi jana na nimemwambia. Kweli nimemwambia, jina na yote. Akainua fimbo. Akanigonga nayo mara moja, kichwani, kama mtu anayebisha hodi. Akasema nusu ya damu iliyomwokoa mtoto wake ni yangu, na hawezi kuichapa damu ya kwao. Kisha akaomba andazi. Mimi nina bahati, sielewi inatoka wapi.

Kwa hiyo mimi ni mtu mpya. Siku tatu sasa niko kwenye benchi. Nimewafundisha bibi wawili kufuta namba za watu waliowaudhi. Mikono mapajani! Nimejifunza kila kitu kuhusu uaminifu, na naona sasa ni wakati wa kuutumia.

Leo adhuhuri alikuja mwalimu wa sekondari, anaitwa Mwalimu Lea. Shule imepewa kompyuta na wafadhili. Iko kwenye boksi, wanaogopa kuigusa. Aliuliza kama hapa kwenye benchi kuna mtu anayezijua. Bernadina akamwambia, waziwazi, mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai, kwamba yeye kompyuta hazijui. Sijui! Mtu mzima! Nilimwonea aibu. Watu wanatuamini halafu unawaambia hujui? Na Munira yuko pale, ameshika birika, anatazama nani atasema nini.

Nikasimama. Nikasema mimi nazijua. Nimezizoea. Nimekua nazo.

Bernadina alifumba macho.

Nakwenda kesho asubuhi. Mwantumu nimemwomba bisibisi, nyundo ndogo, pamba na spiriti. Mwalimu Lea alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Aliuliza kitu kimoja tu kabla ya kuondoka, kama nitahitaji umeme.

Nilimjibu kwa utulivu wa mtaalamu: siku ya kwanza, hapana.